Ufundi wa Kushuka Kitini

Wengi wetu tulizifahamu nyasi kwanza kama adhabu. Ukichelewa gwaride, unakabidhiwa slasha na kuonyeshwa kona ya uwanja wa shule. Nadhani ndiyo sababu kazi ya kukata nyasi haikupata heshima hata ilipopewa injini, usukani na kiti cha kukalia. Mtu akimwona dereva wa mashine ya nyasi akizunguka taratibu kwenye uwanja wa gofu kule Limuru au Kericho, humdhania amepumzika. Hajui kwamba chini ya kiti kile vinazunguka visu ambavyo ncha zake zinaweza kufikia mwendo wa mita 90 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Hakuna gari la Safari Rally lililowahi kupita Naivasha kwa kasi hiyo.

Mashine yenyewe ilizaliwa na kiwanda cha nguo. Edwin Budding, fundi wa Stroud huko Uingereza, aliipatia hataza mwaka 1830 baada ya kuona mtambo wa kunyoa malaika ya vitambaa vya sufu. Kwake tulirithi mashine ya silinda: visu vilivyopinda huzunguka na kukutana na ukingo wa chuma usiosogea, na jani likiwa katikati hukatika kama kwenye mkasi. Hiyo ndiyo inayonyoa grini ya gofu hadi ikabaki na milimita 3 au 4. Ya kisu bapa kinachozunguka haina adabu hiyo. Yenyewe hupiga jani kwa kasi tupu, na kinachopiga jani hupiga pia jiwe.

Na mawe yapo. Nyasi ya kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda zetu za juu kabla haijasambazwa Afrika Kusini, Australia hadi California, hutambaa na kujisuka hadi ardhi isionekane. Mvua ndefu zikishika, kuanzia Machi, inaweza kufunika chupa, kipande cha waya, mzizi ulioinuka au shimo la fuko. Hapo ndipo ninapoanza kumsifu dereva hodari: bado hajapanda mashine. Anatembea. Anapita eneo lote kwa miguu, anaokota, anasimika kijiti penye shimo, anatazama nani yuko karibu na upande ambao nyasi zitarushwa. Ile kinga ya mdomo wa kutolea nyasi, ambayo wavivu huing'oa kwa kuwa inakwama, kwake haiguswi. Jiwe likitoka pale halibagui paji la uso la mchezaji na kioo cha gari.

Lakini mtihani wenyewe uko kwenye mteremko. Vitabu vya mashine nyingi za kuendesha huweka mpaka kwenye nyuzi 15, na macho hudanganya sana kuhusu nyuzi. Mpando wa nyuzi 15 hukuinua mita 2.7 hivi kwa kila mita 10 za usawa, na ukiutazama kutoka chini unaweza kuudharau. Simu nyingi za kisasa zina kipimo cha mwinamo. Laza ubao juu ya nyasi, weka simu juu yake, usome. Trekta dogo la nyasi hupandisha na kushusha moja kwa moja, halikati mkingamo, kwa sababu ubavuni ndiko linakopinduka kwa urahisi. Ya kusukuma kwa mikono ni kinyume: hukatwa kwa mkingamo, ili mguu ukiteleza usiishie chini ya visu. Wanaohama kutoka mashine moja hadi nyingine wanapaswa kuukariri ukinzani huo mpaka uingie mwilini.

Nyasi zikiwa na maji, hata nyuzi 10 ni nyingi. Magurudumu yakianza kuteleza, dereva hodari huzima visu na kushuka moja kwa moja, polepole, bila kukata kona wala kuweka gia huru. Na kuna silika moja ambayo kazi hii humtaka mtu aiue kabisa: kutoa mguu nje kuizuia mashine inayoinama. Mashine hiyo ina uzito wa mamia ya kilo, na mguu wa binadamu hauna la kuiambia.

Kuna tendo jingine ambalo mgeni hulistaajabia. Mashine kubwa huwa na upinde wa chuma nyuma ya kiti. Upinde ukiwa umesimama wima, dereva hufunga mkanda, kwa sababu mashine ikipinduka upinde humwachia nafasi ya kuishi, na mkanda humweka ndani ya nafasi hiyo. Upinde ukikunjwa ili kupita chini ya matawi, mkanda nao unafunguliwa, maana sasa ungemfunga chini ya chuma kinachomwangukia. Mkanda ni uleule na kiti ni kilekile, ila hukumu imebadilika kwa sababu ya mti wa mkaratusi. Dereva anayefanya hivyo bila kukumbushwa ni fundi, hata kama barua yake ya ajira inamwita kibarua.

Kitini pia mna swichi: ukiinuka visu vikiwa vinafanya kazi, mashine hujizima. Nimeona zilizounganishwa waya moja kwa moja ili zisisumbue, na sijawahi kusikia sababu ya maana ya kufanya hivyo. Nyasi mbichi zikikwama, utaratibu haupungui: tenga visu, zima, toa ufunguo, ngoja kila kitu kitulie, shuka, tumia kijiti. Mkono hauingii humo. Ukimaliza, usijaze petroli injini ingali moto.

Uzuri wa kazi huonekana baadaye, na wanaouona ni wengine. Wakati wa Kenya Open, mashindano ya gofu yaliyoanza mwaka 1967, kamera hupenda ile mistari ya kijani iliyokoza na iliyofifia. Hakuna rangi mbili pale. Roli ya mashine imelaza majani, yanayokuelekea yakaonekana meusi na yanayokupa mgongo yakang'aa. Safari inayofuata dereva hubadili mwelekeo, nyasi zisizoee kulala upande mmoja na magurudumu yasichimbe njia. Mtangazaji humtaja aliyepiga mpira. Aliyeandaa mahali pa kuuweka hatajwi, na sitarajii atatajwa.

Kinachonikera ni dharau ya walio karibu zaidi, wanaopima kazi yake kwa kelele ya injini. Ikinyamaza, wanadhani amelala. Ndiyo maana vijana wengi hukata mkingamo kwenye mteremko uliolowa: wanaogopa kuonekana wamesimama kuliko wanavyoogopa kupinduka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 humtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa iliyo karibu, na humzuia mwajiri kumrudisha hapo kabla haijarekebishwa. Dereva anayesema mteremko huu leo haukatwi kwa mashine, leteni slasha, anatimiza sheria hiyo, hata kama hajawahi kuisoma.

Kwa hiyo, bwana msimamizi wa uwanja: saa ya kutembea kabla ya kukata iandike kwenye ratiba kama kazi, na uilipe. Nunua vizuia kelele vya masikio kabla ya kununua rangi ya bendera za mashimo. Swichi ya kiti iliyofungwa waya irudishwe leo. Na ukimkuta dereva ameshuka, injini imezimwa, anautazama mteremko akiwa ameshika kiuno, usimpigie honi.