Sikio la Mtunga Kamusi

Mfasiri wa habari za michezo amekwama. Bao limefungwa dakika ya mwisho, na mwandishi wa Kiingereza anasema uwanja uligeuka bedlam. Aandike kelele? Kelele hata mashine ya kusaga inazo. Shangwe? Hiyo ni ya waliofunga. Neno hili limewazoa wote, waliofunga na waliofungwa. Zogo lina ubishi ndani yake. Kishindo hupiga mara moja kikaisha. Anajaribu ghasia, anaifuta, anairudisha.

Saa kama hii ndipo ninapomvulia kofia mtunga kamusi.

Lifuate neno lenyewe. Mwaka 1247 ilianzishwa London nyumba ya watawa wa Maria Mtakatifu wa Bethlehemu. Baadaye ikawa hospitali, na kufikia karne ya 15 ilikuwa ikipokea wagonjwa wa akili. Vinywa vya wenyeji vikalisaga jina: Bethlehem, Bethlem, Bedlam. Ikafika wakati watu wakaenda kuwatazama wagonjwa kama tamasha. Katika karne ya 17 jina lilikwisha kutoka nje ya kuta zake, likawa la fujo yoyote, popote. Mji ambao Wakristo huuimba kwa utulivu kila Krismasi ndio uliozaa neno hilo.

Njia kama hiyo haigunduliwi kwa kubahatisha. James Murray, aliyekuwa mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford kuanzia 1879, aliwaomba watu wa kawaida wasome vitabu na kumpelekea vikaratasi. Kichukue kimoja: juu pembeni kuna neno, chini yake mwaka, mwandishi, kitabu na ukurasa, kisha sentensi nzima, neno likiwa kazini. Vipange kwa miaka, utaona maana ikihama kama nyayo mchangani. Kazi hiyo Murray aliifanya katika banda la mabati bustanini kwake. Sehemu ya kwanza ya kamusi ilitoka 1884. Yeye alifariki 1915. Kamusi ilikamilika 1928.

Subira hiyo yote ni ya sikio. Wahenga waliposema debe tupu haliachi kuvuma, hawakusema halinyamazi. Anayetaka kueleza kuvuma hana budi aligonge debe, asikie ile sauti nene ya kitu chenye nafasi ndani. Kisha akumbuke kwamba upepo nao huvuma, nyuki huvuma, hata sifa za mtu huvuma. Simba je? Huyo hunguruma. Kila sauti ina mlango wake, na mtunga kamusi ndiye bawabu.

Mfasiri wetu ameifuta ghasia mara ya pili. Ameandika: uwanja mzima ukarindima. Vilio vya ile hospitali ya London havimo humo, naye anajua. Lakini ukiisoma sentensi yake kwa sauti, jukwaa linatikisika.