Kopa la Jalada la Daftari

Mama mwenyeji wangu wa Igogo huweka kadi moja ya mapenzi kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge. Aliitoa kwa mikono miwili. "Usiishike pembeni, mwanangu, gundi imechoka."

Mumewe aliitengeneza akiwa shule ya bweni mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati hata sabuni ilipangiwa foleni. Kadi ya dukani nani angeiwaza? Alichukua jalada la daftari, akalikunja, akakata nusu ya kopa kwa wembe. Ukilikunjua, nusu ya pili imejikata yenyewe, pande zimelingana kabisa. Kwenye ncha ya chini wembe ulimponyoka, akachora jani la kufichia kosa. Jani lenyewe ni la bluu. Alikuwa na biki mbili tu, nyekundu na bluu, basi waridi zima alilochora lina majani ya bluu, na kivuli cha kila petali ni vistari vyembamba vilivyopishana. Nilianza kuvihesabu kwenye petali moja, nikachoka kabla sijafika katikati. Gundi ilikuwa uji mzito wa muhogo. Mende wametafuna pale tu palipopakwa, wakifuata njia ya kidole chake.

Kadi hiyo ilinikumbusha nyingine za zamani zaidi: huko Marekani, Esther Howland wa Worcester alianza biashara ya kadi za wapendanao mwishoni mwa miaka ya 1840. Wasichana waliketi mezani, huyu akikata, yule akibandika lesi ya karatasi juu ya karatasi ya rangi. Mwaka 1879 alitoa hadi kitabu cha beti, mteja achague wake ubandikwe ndani. Kazi safi mno, pengine safi kupita kiasi kwa macho yangu. Ila yeye na kijana wa bwenini walijua jambo lile lile: maneno yasikae nje. Kwenye kadi ya Mama, kupitia dirisha la kopa unaona wekundu tu. Ubeti uko chini ya kikaratasi kilichobandikwa ukingo mmoja, kiinuliwe kwa ukucha.

Nilisogeza ukucha. Mama akaifunga kadi.

"Hapo si pako."

Akaigeuza nyuma. Jedwali la kuzidisha la daftari bado linasomeka, isipokuwa katikati, penye tundu la kopa.

"Saba mara nane ameikata," alisema. "Na mpaka leo haijui."