Somo lililofundishwa kwa maswali

Sandra Adickes alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari jijini New York. Kiangazi cha 1964 alijitolea kwenda Hattiesburg, jimbo la Mississippi, akafundisha katika kanisa la Wabaptisti kwenye kitongoji cha Palmers Crossing. Hiyo ilikuwa moja ya Shule za Uhuru, shule za muda zilizoandaliwa na wanaharakati wa haki za kiraia kwa ajili ya watoto weusi, zilizozidi 40 kiangazi kile na kupokea wanafunzi zaidi ya 2,000, mara mbili ya waliotarajiwa. Ujasiri wa walimu wale umesifiwa vya kutosha. Mimi nataka tulitazame somo lenyewe: lilipangwaje hata mgeni kutoka kaskazini akaweza kuwafundisha watoto weusi habari za jimbo walilolijua kuliko yeye?

Wazo lilitolewa mwishoni mwa 1963 na kijana Charles Cobb, mwanaharakati wa SNCC, kamati ya wanafunzi iliyopigania haki za kiraia. Alikuwa ameona kwamba shule za serikali za watoto weusi, mbali na uhaba wa vitabu, zilimzoesha mtoto kutouliza. Machi 1964 walimu na wanaharakati wakakutana New York kuandaa mtaala, na mwanahistoria Staughton Lynd akapewa usimamizi wa shule hizo.

Mtaala wa uraia waliouandaa ulikuwa na sehemu saba, na mwendo wake ulikuwa wa maswali. Sehemu ya kwanza inaanzia pale mtoto anapoishi. Shule yenu imejengwa kwa vifaa gani? Vitabu vinatosha? Na shule ya Wazungu je? Mwalimu hana jibu mfukoni. Jibu analo mtoto, kwa kuwa ndiye anayepita mbele ya shule zote mbili. Kazi ya mwalimu ni kusubiri, kisha kuuliza tena: kwa nini iko hivyo?

Sehemu ya pili ndiyo ninayoiona ngumu kuliko zote kwa mwalimu. Watoto wengi waliamini kwamba kaskazini ndiko kwenye uhuru, na walikuwa na ndugu waliohamia huko. Sasa aliyetoka huko huko kaskazini alitakiwa aeleze mitaa ya weusi ya miji ya huko, kodi zake za nyumba na shule zake. Julai ile ile Harlem, mtaa wa weusi jijini New York, ililipuka kwa ghasia, baada ya polisi kumpiga risasi na kumuua kijana mweusi wa miaka 15. Mwalimu wa New York hakuweza kujifanya ametoka peponi. Nadhani hapo ndipo alipoaminiwa, maana mtoto hutambua upesi mtu mzima anayemficha jambo.

Kulikuwa pia na maswali ya kurudiwa mara kwa mara: Wazungu wana nini tunachokitaka, wana nini tusichokitaka, na sisi tuna nini tunachotaka kubaki nacho? Hili la mwisho lina uzito wake. Bila hilo, somo zima lingekuwa hesabu ya mapungufu, na mtoto angerudi nyumbani akiona aibu kwao. Sisi tuliozoea tuisheni ya likizo, ambako mwanafunzi hukaririshwa majibu ya mtihani, tuna la kujifunza hapo.

Mpango ulikuwa na nyufa. Ulitungwa kwa wanafunzi wa sekondari, wakaja watoto wadogo na wazee pia, na mwalimu akalazimika kuupangua upya. Kwenye mashamba ya pamba ya Delta, eneo la jimbo hilo hilo la Mississippi, shule za serikali za weusi zilifunguliwa kiangazi ili watoto wawe huru kuchuma pamba majira ya kupukutika majani. Shule za Uhuru huko zikagongana na ratiba hiyo.

Pale Palmers Crossing wanafunzi waliandika tangazo lao la uhuru kwa kufuata muundo wa lile la Marekani la 1776. Kisha, tarehe 14 Agosti, Adickes na wanafunzi sita wakaenda maktaba ya mji kuomba kadi. Wakanyimwa, na mkuu wa polisi akafika akatangaza kuwa maktaba imefungwa. Wakaingia duka la Kress kula chakula cha mchana. Sheria ya Haki za Kiraia, iliyokataza ubaguzi wa rangi katika sehemu kama hizo, ilikuwa imetiwa saini tarehe 2 Julai, kwa hiyo mhudumu akakubali kuwahudumia watoto. Aliyekataliwa ni mwalimu, kwa sababu ni Mzungu aliyeandamana nao. Wakatoka wote bila kula. Nje, polisi wakamkamata Adickes kwa kosa la uzururaji, ingawa alikuwa mtu mwenye ajira ya kudumu.

Sehemu ya nne ya mtaala ilihusu mamlaka: nani ameyashika, na wenye nayo wanashirikianaje? Adickes alifungua kesi akidai kwamba duka na polisi walikuwa wamekubaliana kumnyima huduma na kumkamata, na swali hilo likafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1970 majaji waliirudisha kesi isikilizwe, wakisema Kress haikuwa imeondoa uwezekano kwamba polisi alikuwamo dukani wakati mwalimu anakataliwa. Aliyesema alimwona polisi huyo akiingia alikuwa mmoja wa wale wanafunzi sita.