Fidla Iliyofungiwa Kiooni

Zikitajwa fidla za Italia, watu wengi humkumbuka fundi peke yake: Antonio Stradivari wa mji wa Cremona, aliyefariki mwaka wa 1737. Ni haki yake. Walakini fundi akiisha kufa, kazi yake huwa mikononi mwa wanunuzi, na katika sifa wanazopewa wanunuzi hao yatupasa kutenga pumba na mchele.

Wa kwanza ni Cozio di Salabue, kabaila wa Piemonte, aliyezaliwa mwaka wa 1755. Angali kijana alimtegemeza fundi Giovanni Battista Guadagnini mjini Turin kwa kuzinunua kazi zake, na mwaka wa 1775 akanunua kwa Paolo, mwana wa Stradivari, fidla zilizosalia. Hayo tajiri yeyote angeyaweza. Lakini Cozio alinunua pia vitu ambavyo mpenda fahari asingeviinamia: kalibu za mbao ambazo mbavu za fidla zilikunjwa kuzizunguka, vielelezo vya karatasi, na vyombo vya kazi. Havitoi sauti wala havipambi sebule. Tena alizipima fidla zilizompitia, akaandika alivyoziona. Leo kalibu hizo zimo katika jumba la makumbusho ya fidla huko Cremona, na fundi kijana aweza kuona bwana yule alianzaje kazi yake. Kwa hili namheshimu Cozio kuliko wote waliomfuata.

Miongoni mwa fidla alizonunua ilikuwamo moja ya mwaka wa 1716, ambayo Stradivari hakuiuza maisha yake yote. Mwaka wa 1827 ilimfikia Luigi Tarisio, aliyezunguka vijijini akinunua fidla kuukuu kwa bei rahisi na kuziuza Paris kwa bei ghali. (Wako wamwitao mlinzi wa sanaa, mimi namwita mchuuzi hodari.) Fidla hiyo aliisifu mno asiilete, hata, yasemekana, mpigaji Delphin Alard akafanya mzaha kwamba ni kama Masihi: hungojwa siku zote wala haji. Jina likaganda. Tarisio alipokufa mwaka wa 1854, fundi Jean-Baptiste Vuillaume wa Paris aliharakisha kwenda Italia akainunua. Sasa Masihi yumo kiooni katika jumba la Ashmolean, mjini Oxford, vanishi yake iking'aa kana kwamba ilipakwa jana, naye kimya.

Watetezi husema kwamba bila kioo hicho tusingejua fidla mpya ya Stradivari ilikuwaje machoni. Ni kweli, lakini je, iliundwa kwa ajili ya macho? Paganini, aliyefariki mwaka wa 1840, aliuachia mji wa Genoa fidla yake iliyoundwa na Guarneri mwaka wa 1743. Genoa nao huifungia, ila huitoa ikapigwa na wapigaji wateule. Vanishi yake imechakaa kwa kushikwa, na sauti yake bado husikiwa ukumbini.