Kuusoma Mshipi Uliorudi Mtupu

Ufundi wa kuvua trauti, yule samaki wa maji baridi mwenye magamba madogo na ubavu wa madoadoa, hupimwa na wengi kwa hesabu ya samaki waliofikishwa ukingoni, ilhali sehemu kubwa ya elimu yake imo katika wale walionasa, wakavutwa, kisha wakaponyoka. Katika mito ya Mathioya Kaskazini na Mathioya Kusini, ambayo huchimbuka katika msitu wa Aberdare, au Nyandarua kama wenyeji wanavyouita, na kuteremka baina ya mashamba ya chai na kahawa ya pande za Kangema hadi kumwaga maji yake katika Mto Tana, mvuvi stadi ni yule awezaye kueleza kwa nini mshipi wake umerudi mtupu, kwa kuwa samaki aliyetua wavuni huyafunika makosa yote yaliyotendeka njiani, na aliyeponyoka huyaanika.

Trauti si mzaliwa wa mito hii. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, ziwa la Uskoti, nao wakatiwa katika Mto Gura. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito ya magharibi ya Marekani ya Kaskazini, alifuata mwaka 1910 kupitia Afrika Kusini, na mwaka 1948 kikaanzishwa kituo cha Kiganjo, karibu na mji wa Nyeri, ambako mayai huanguliwa na vifaranga hulelewa. Trauti aliingia katika nchi ya Wakikuyu, ambao hawakuwa na mazoea ya kula samaki. Hata neno thamaki la Kikuyu limetokana na samaki la Kiswahili. Kwa hiyo anayetaka kuueleza ufundi huu kwa usahihi hana budi kuteremka pwani kuazima msamiati, kwa sababu huko watu wamevua na kupoteza samaki kwa karne nyingi na kila kitendo wamekipa jina lake.

Neno la kwanza la kuazima ni kurambaza, yaani kuburuta mshipi wenye ndoana nyuma ya chombo kinachokwenda, na ndiyo njia wavuvi wa bahari wanayoitumia kuwapata nguru na jodari. Njia hiyohiyo hutumika katika maziwa ya Marekani ya Kaskazini kumvua trauti wa ziwa, samaki mkubwa wa vilindi ambaye, akisha kuletwa karibu na mashua, hujibiringisha na kujisokota mpaka uzi ukamzonga. Mathioya haina nafasi ya mashua: maji yanapita kwa kishindo kati ya majabali, na mvuvi husimama hadi magotini akiuacha mkondo uubebe mshipi wake na kuukokota kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukitazama vizuri, hapo pia pana kurambaza, ila chombo kimesimama na maji ndiyo yanayosafiri. Kufanana huku kuna uzito, maana sababu za samaki kuponyoka ni zilezile mahali pote pawili: nahodha anayepunguza mwendo ghafla samaki akisha kunasa huulegeza mshipi, na mvuvi wa mtoni anayeshusha mkono wake kwa mshangao hufanya kosa lilelile.

Kwenye ncha ya mshipi wa mtoni hakufungwi nyungunyungu. Hufungwa nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyovishwa nyuzi na manyoya hata ikafanana na mdudu anayeliwa na trauti, na mmoja wa nzi wanaojulikana sana katika mito hii ni yule mweusi anayeitwa Kenya Bug, anayeigiza viluwiluwi wa wadudu watambaao chini ya mawe. Inafaa kukumbuka kwamba Kenya ni miongoni mwa nchi ambazo mafundi wake huwafunga nzi hao kwa mikono, mmoja mmoja, na kuwauza kwa wavuvi wa ng'ambo. Wengi wanaosifiwa huko kwa samaki wao wakubwa wameshikiwa samaki hao na fundo la fundi wa Kenya wasiyemjua.

Ndoana hushika kwa mkazo. Kile kijino kilichogeukia nyuma karibu na ncha yake husaidia tu kuizuia isichomoke upesi, lakini uzi ukilegea kwa kitambo na samaki akatikisa kichwa, tundu ambalo ndoana imelitoboa hupanuka kidogo kidogo mpaka kijino hakina tena cha kushikilia. Pahali ndoana ilipoingia pana maana kubwa kuliko nguvu za mvuvi. Pembeni mwa taya, pale mdomo unapokunjika, pana nyama ngumu inayoshika imara. Mbele ya mdomo pana ngozi nyembamba na mfupa, na huko ndoana huparuza tu. Trauti hukaa ameuelekea mkondo ili chakula kimjie, kwa hiyo mvuvi aliyesimama chini yake akivuta huipeleka ndoana nyuma, kwenye pembe ya taya, ilhali aliyesimama juu yake huivuta itoke mdomoni kwa njia ileile iliyoingilia. Ndiyo maana njia ya kuuacha mshipi unyooke chini ya mkondo, iliyo tamu kwa kuwa samaki hujinasa mwenyewe kwa kishindo kinachosikika hadi kiwiko, ndiyo pia inayopoteza samaki wengi. Mvuvi mzoefu huilainisha kwa kubakiza kitanzi kidogo cha mshipi chini ya kidole: trauti akiuma, huachiwa kitanzi kile, akageuka nacho, na kule kugeuka ndiko kunakoipeleka ndoana pembeni mwa taya. Mkono unalegeza kwanza ndipo ukaze, na mpangilio huo ndio mgumu kujifunza, kwa sababu silika ya kila mtu anayeguswa ni kuvuta.

Kuna wakati wa pili wa kulegeza. Trauti wa upinde wa mvua akisha kunasa huruka juu ya maji, na ndani ya maji mwili wake ulibebwa na mto, bali hewani uzito wote huangukia uzi usiozidi unene wa unywele mnene. Mvuvi asiyeinamisha ncha ya ufito wake wakati huo hukatikiwa. Trauti wa kahawia hana mbwembwe hizo. Yeye huzama na kuingia chini ya jiwe, na methali isemayo kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe hapo hupinduka, kwa kuwa jiwe ndilo linaloikata kamba, na kwa msuguano mmoja tu.

Baada ya samaki kuponyoka huja sehemu ya ufundi huu inayostahili sifa kuliko zote, nayo ni kuusoma mshipi. Mvuvi huukusanya taratibu, hushika ncha yake kati ya kidole gumba na cha shahada, akaiinua dhidi ya mwanga wa mbingu. Ikiwa ncha imejikunja kama kikono cha mboga kinachotafuta pa kushika, fundo liliteleza, na kosa lilitendeka asubuhi lilipofungwa kabla halijalowanishwa, kwa maana uzi mkavu ukikazwa hupata joto la msuguano na kudhoofika. Ikiwa imekwaruzika na kupoteza mng'ao kwa urefu wa shubiri, ni jabali. Ikiwa imekatika safi juu ya fundo, breki ya kigurudumu kinachokunja mshipi ilikazwa kupita kiasi. Ikiwa nzi bado yupo na ndoana imenyooka, mkono ulilazimisha. Na ikiwa kila kitu ni kizima, ncha ya ndoana ingali inakwaruza ukucha inapojaribiwa, na juu ya kijino kumebaki kipande cheupe cha ngozi chembamba kama utando wa kitunguu, basi samaki yule alishikwa kwa ngozi tupu tangu mwanzo, wala hapakuwa na hila ambayo ingemleta. Hukumu hii ya mwisho ni ngumu kuitoa kwa uaminifu, kwa sababu inampa mvuvi udhuru, na mvuvi mwema huitoa akisha kukosa nyingine zote.

Wengi huponyoka katika hatua ya mwisho, wakati wavu wa mkono umekwisha kutolewa na moyo umekwisha kumhesabu samaki. Wavu ukimfuata, trauti hushtuka na kupiga mkia, na uzi mfupi uliobaki hauna unyumbufu wa kuuhimili mshtuko huo. Wavu hutakiwa kuzamishwa na kutulia kama jiwe jingine la mto, kisha samaki, akiwa amechoka na kichwa chake kimeinuliwa kidogo, huongozwa juu yake kichwa kikitangulia. Akijitoa hata hivyo, huonekana kwa nukta moja akiwa amesimama katika maji ya kina cha kiganja, matamvua yakifunguka na kufunga, kana kwamba hajajua kuwa yu huru, kisha mahali alipokuwa hubaki changarawe tu. Hapo mvuvi hukata kipande cha uzi kilichokwaruzika, hupitisha ncha katika tundu la ndoana mpya, hulowanisha fundo kwa mate na kulikaza polepole, hulijaribu kwa kulivuta mara mbili, halafu hukiacha kidimbwi kile kilichokwisha kuvurugwa, akapanda juu ya mkondo.