Barua ya Msomaji Asiyekuwako: Usomaji na Mjadala katika Fasihi Mpya ya Kichina

Utangulizi

Katika makongamano yetu ya lugha na fasihi kuna lawama moja ambayo imerudiwa hata ikawa kama methali: umma hausomi. Mwandishi humlaumu msomaji, mchapishaji humlaumu mwandishi, na mwalimu huwalaumu wote wawili. Madhumuni ya makala hii ni kuichunguza lawama hiyo kwa kutazama mfano wa mbali, yaani jamii za wasemaji wa Kichina, hasa baina ya miaka ya 1915 na 1934. Mfano huu hutajwa mara nyingi na wapenzi wa lugha kuwa ni ushahidi kwamba fasihi ikiandikwa kwa lugha wanayoisema watu, watu wataisoma na kuijadili. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilifundishwa hivyo, nami niliamini. Lakini nilipoisoma historia yenyewe kwa makini niliona kwamba lugha ilifungua mlango tu. Msomaji mwenye kujibu alipatikana pale alipowekewa mahali pa kujibia. Isitoshe, wahakiki wenyewe walikuwa wepesi wa kumsahau msomaji ambaye hakujibu kwa namna waliyoitaka.

Ukimya

Mnamo Septemba 1915, Chen Duxiu alianzisha mjini Shanghai jarida ambalo mwaka uliofuata liliitwa Xin Qingnian, yaani Vijana Wapya. Wakati huo maandishi yenye heshima yaliandikwa kwa wenyan, Kichina cha kale ambacho hakuna aliyekizungumza nyumbani kwake. Januari 1917, Hu Shi alichapisha humo makala ya kupendekeza kwamba fasihi iandikwe kwa baihua, lugha iliyo karibu na mazungumzo. Chen aliunga mkono kwa ukali zaidi mwezi uliofuata.

Sisi tunaosoma leo hudhani kwamba nchi nzima ilitikisika papo hapo. Haikuwa hivyo. Lu Xun, katika dibaji ya mkusanyo wake wa kwanza wa hadithi aliyoiandika mwaka 1922, anakumbuka kwamba wenzake wa jarida hilo hawakuwa wamepata wa kuwaunga mkono wala wa kuwapinga, naye akahisi kwamba huenda walikuwa wapweke. Maneno haya yanastahili kuzingatiwa. Mwandishi anayepingwa ana msomaji. Asiyepingwa wala kuungwa mkono hana hakika kama amesikika.

Barua

Ndipo likatokea jambo ambalo wanahistoria wa fasihi ya Kichina hulisimulia kwa tabasamu. Katika toleo la Machi 1918 ilichapishwa barua ya mtu aliyejiita Wang Jingxuan, imeandikwa kwa wenyan, ikilishutumu jarida kwa kuibomoa jadi na kumsifu Lin Shu, bingwa wa wakati huo wa kutafsiri riwaya za kigeni kwa lugha ya kale. Liu Bannong, mmoja wa wahariri, alimjibu kwa maandishi marefu kuliko barua yenyewe, akamcheka na kumchambua neno kwa neno. Wang Jingxuan hakuwako duniani. Barua iliandikwa na Qian Xuantong, mtaalamu wa lugha na mwenzake Liu katika jarida lile lile.

Lin Shu si mgeni kabisa kwetu. Hakujua lugha yoyote ya kigeni. Alisimuliwa na wenzake naye akaandika. Miongoni mwa waandishi aliowatafsiri ni Rider Haggard, yule yule ambaye wasomaji wa Kiswahili walimjua kupitia Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kwa kumshambulia Lin Shu, vijana wale waliwashambulia wasomaji wengi wa Kichina waliozijua riwaya za kigeni kupitia kalamu yake.

Wahakiki wengi huusifu ujanja huu kwa kuwa ulifaulu. Mimi naona una kasoro mbili. Kwanza, mpinzani aliyebuniwa alipewa hoja dhaifu ili apigwe kwa urahisi. Ushindi wa namna hiyo haumfundishi msomaji kupima hoja. Pili, ulizoesha matusi kuwa sehemu ya mjadala. Kasoro hii ya pili haikuonwa na mimi wa kwanza. Juni 1918 jarida lilichapisha barua fupi ya mtu aliyetia sahihi kama mwenye kumheshimu Bwana Wang Jingxuan. Aliuliza: ikiwa nadharia hujadiliwa kwa uhuru, mbona Bwana Wang alijibiwa kwa kutukanwa? Chen Duxiu alimjibu kwamba wapo wapinzani wa kujadiliana nao, na wapo wasemao ovyo wanaostahili kukemewa tu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Msomaji wa uongo alimwita msomaji anayeuliza. Huyu alipofika hakuuliza habari za wenyan au baihua. Aliuliza juu ya adabu ya mjadala wenyewe. Na jibu alilopewa lilikuwa dhaifu kuliko swali lake. Mwaka uliofuata, Machi 1919, Lin Shu mwenyewe alipomwandikia barua ya wazi Cai Yuanpei, mkuu wa Chuo Kikuu cha Beijing, alijibiwa kwa hoja na kwa heshima. Majibizano hayo yana manufaa zaidi kwa mwanafunzi wa leo kuliko kicheko cha Liu.

Ukurasa wa gazeti

Mwaka 1920 Wizara ya Elimu iliagiza baihua itumike katika madarasa mawili ya mwanzo ya shule za msingi. Lakini watoto hao walikuwa bado hawajakua. Aliyewapa waandishi wapya wasomaji wa kila siku ni fukan, yaani ukurasa wa fasihi ndani ya gazeti. Baina ya Desemba 1921 na Februari 1922, Lu Xun alichapisha sehemu kwa sehemu hadithi ya Ah Q katika ukurasa wa aina hiyo wa gazeti la Chenbao la Beijing, akitumia jina la kubuni, Ba Ren. Kwa kuwa hadithi ilitoka kidogo kidogo na mwandishi hakujulikana, wasomaji waliingiwa na hofu. Gao Yihan alieleza mwaka 1926 kwamba wengi walidhani wao ndio wanaosemwa, na kwamba rafiki yake mmoja alimshuku mtu fulani kuwa ndiye aliyetoa siri zake. Msomaji anayejitafuta ndani ya hadithi amekwisha kuingia katika mjadala, hata kabla ya kushika kalamu.

Mama yake Lu Xun

Hata hivyo, ukurasa wa gazeti ulikuwa na vyumba viwili, na wahakiki walikaa katika kimoja tu. Mwaka 1930 gazeti la Xinwen Bao la Shanghai lilichapisha riwaya ya mapenzi ya Zhang Henshui, Tixiao Yinyuan. Ilisomwa mno, na ingawa mwandishi hakukusudia kuiendeleza, aliandika sehemu ya pili mwaka 1933. Wanamapinduzi wa fasihi waliziita kazi za aina hii burudani ya wavivu. Lakini katika barua za Lu Xun za mwaka 1934 tunamwona akimnunulia mama yake riwaya za Zhang Henshui na kumpelekea Beijing. Mama huyu alijifundisha kusoma mwenyewe. Alikuwa msomaji hasa, na kitabu alichokitaka hakikuwa cha mwanawe.

Mwaka huo huo wa 1934, katika ukurasa wa fasihi wa gazeti la Shenbao, ulizuka mjadala kuhusu lugha ya umma. Kabla ya hapo Qu Qiubai alikuwa ameilaumu baihua ya waandishi wapya kwamba imegeuka wenyan nyingine, lugha ya wasomi iliyojaa miundo ya Ulaya. Yaani miaka kumi na saba baada ya makala ya Hu Shi, swali la nani anayesoma lilikuwa bado wazi.

Baadaye

Utaratibu huu wa ukurasa wa kujibizana haukwisha. Huko Taiwan, wakati sheria ya kijeshi ingali inatawala, mabishano ya 1977 na 1978 juu ya fasihi ya nyumbani yaliendeshwa kwa sehemu kubwa katika kurasa za magazeti. Na humo pia kulikuwa na shutuma zilizoweza kumhatarisha mtu, kwani hoja ya fasihi ilifanywa kuwa hoja ya utiifu. Mjini Beijing, Aprili 1979, toleo la kwanza la jarida la Dushu lilifunguliwa kwa makala ya Li Honglin iliyodai kwamba kusoma kusiwe na eneo lililokatazwa. Katika nyakati zote hizi msomaji alipewa nafasi, na mara alipoitumia, mwenye nafasi aliingiwa na wasiwasi.

Hitimisho

Tujiulize basi sisi wenyewe. Kujibizana si jambo tulilofundishwa na gazeti: Mombasa na Lamu zilijibizana kwa mashairi kabla ya mtambo wa chapa, na Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilipotoa nafasi kwa washairi, walijazana. Hawa walikuwa wasomaji, na walijibu kwa fani waliyoimiliki. Tunaposema kwamba umma hausomi, huenda maana yetu ni kwamba hausomi vitabu tunavyovitahini.

Hatuna haja ya kumbuni Wang Jingxuan wetu. Tunachohitaji ni kuchapisha hoja ya mpinzani ikiwa na nguvu zake zote, na kumjibu pasipo kumcheka. Ni majarida mangapi ya idara zetu yaliyotenga hata kurasa mbili kwa barua za wasomaji? Kabla ya kuzitenga hatuna haki ya kulalamikia ukimya. Na barua zitakapofika, tusishangae ikiwa ya kwanza itauliza, kama ile ya Juni 1918, kwa nini tunazungumza na wasomaji kwa dharau.