Brighton Rock: Jicho Laona Hili, Sikio Lasikia Lile

Filamu ya Brighton Rock inaanza kwa maandishi. Skrini inatuambia kwamba Brighton, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza, safari ya saa moja tu kutoka London, ni mahali pa raha na watu wakunjufu. Mji ule mwingine, wa vichochoro na magenge ya kukatana nyembe, ulikuwepo kati ya vita viwili vya dunia na sasa haupo tena. Kisha kamera inaingia mitaani, na mitaa yenyewe ni ya mwaka 1947, filamu ilipotengenezwa. Maneno yanasema uovu umekwisha, picha zinatuonyesha uovu ukikatiza katikati ya watalii mchana kweupe.

Wengi huyachukulia maandishi hayo kuwa radhi iliyoombwa kwa wenyeji wa mji, na huenda ndivyo yalivyokusudiwa. Kwangu mimi ndiyo ufunguo wa filamu nzima. Tangu hapo hadi mwisho, mwongozaji John Boulting hataki jicho na sikio vipate habari moja. Graham Greene, ambaye riwaya yake ya mwaka 1938 ndiyo chimbuko la hadithi, aliandika mwongozo wa filamu pamoja na Terence Rattigan, na mpigapicha alikuwa Harry Waxman. Kazi yao wote inaelekea kwenye mpasuko huo mmoja.

Tazama kifo cha Fred Hale. Ni mwandishi wa gazeti aliyetumwa Brighton kuacha kadi za shindano hapa na pale ili wasomaji wazitafute. Genge la Pinkie Brown linamwinda kwa sababu habari aliyowahi kuandika ilimponza kiongozi wao wa zamani, Kite, akauawa. Msako unapita kwenye umati halisi wa watu waliokuja kuogelea na kula raha, na jua linawaka. Filamu nyingi za ujambazi za miaka ile hujificha usiku. Hii inamwacha Alan Wheatley, anayemwigiza Hale, uso umemsawajika, akiwa amezungukwa na watu wanaocheka, na hakuna hata mmoja anayeweza kumfaa. Anaishia kwenye gati la burudani, Palace Pier, ndani ya treni ya mizuka, Pinkie ameketi ubavuni mwake. Mafuvu na nyuso za kutisha zinaibuka gizani. Ukali wa mahali hapo ni huu: watu wamelipa nauli ili wapige mayowe. Mtu anapopiga yowe la kweli, sauti yake haina thamani yoyote, ni sehemu ya mchezo. Boulting ameua mtu mbele ya halaiki bila kumziba mdomo.

Kifo cha pili, cha mzee Spicer wa genge la Pinkie, ngazini, kimepigwa kwa ustadi lakini ni cha kawaida zaidi, wala sitakaa nacho.

Richard Attenborough alikuwa na miaka 23 hivi, na alikwisha kuigiza Pinkie jukwaani London mwaka 1943. Anachofanya mbele ya kamera ni kunyima. Uso hautikisiki, sauti haipandi. Vidole ndivyo vinavyosema, vikichezea uzi, kuukunja na kuutanua kama mtoto anavyocheza, na mtazamaji anajifunza kuviogopa vidole hivyo kuliko kisu. Upande wa pili yuko Ida Arnold, mwimbaji wa kikundi cha burudani cha pwani, anayechezwa na Hermione Baddeley. Kicheko chake kinajaza baa nzima. Wapo wanaoona amepitiliza. Mimi naona filamu inamhitaji hivyo hivyo: ni yeye peke yake ambaye sauti na sura yake vinakwenda pamoja, alivyo ndivyo anavyosikika, na ndiyo maana ni yeye anayenusa kwamba kifo cha Hale kina jambo.

Rose, mhudumu wa mgahawa, hana kinga kama hiyo. Anajua kwamba aliyeacha moja ya kadi za shindano chini ya kitambaa cha meza si Hale, na Pinkie anamwoa ili asije akatoa ushahidi dhidi yake. Carol Marsh anamwigiza Rose mwenye macho yaliyo wazi mno, macho ya mtu anayeamini kila anachokiona. Hapo ndipo panapokuja kibanda cha kurekodia sauti. Rose anaomba kumbukumbu ya sauti ya mumewe. Pinkie anaingia, mlango unafungwa, Rose anabaki nje ya kioo. Sisi tumewekwa ndani. Tunasikia akimwambia kwamba anajua anachotaka kusikia ni maneno ya mapenzi, kisha anamwaga chuki yake yote. Nje ya kioo Rose anatabasamu. Anaona midomo ikitembea na anaijaza maneno anayoyatamani. Kioo kimoja chembamba kimegawa kila kitu: yeye kapewa picha, sisi tumepewa sauti, na hatuna njia ya kumwonya.

Kwenye riwaya, Pinkie anafia Peacehaven, kwenye majabali nje ya mji. Filamu inamrudisha Palace Pier, usiku, mvua ikinyesha, na anatumbukia kwenye bahari ileile iliyommeza Hale. Badiliko hilo ni la busara, kwa kuwa linakikaza kisa mahali pamoja. Badiliko la mwisho ndilo lililozua ugomvi. Riwaya inamwacha Rose akielekea kuisikiliza santuri ile ya kibandani, na msomaji anajua kinachomngoja. Kwenye filamu anaiweka kwenye gramafoni mbele ya mtawa, na santuri, iliyokwaruzika, inakwama kwenye maneno ya mapenzi na kuyarudia tena na tena. Wahakiki wengi waliona huo ni ulegevu, asali iliyopakwa juu ya shubiri.

Sikubaliani nao. Maneno yale ya mapenzi hayakuwa ya Pinkie. Yalikuwa ndani ya dhihaka, akimnukuu Rose na tamaa yake kabla ya kumtukana. Sindano inayakata kutoka kwenye sentensi yao na kuyafanya kiapo. Nasi tuliokuwa ndani ya kibanda tunaujua mkia wa sentensi. Rose sasa anasikia bila kuona, kama zamani alivyoona bila kusikia, na nafuu anayoipata inatukaa sisi kooni. Huruma hiyo imejengwa juu ya uongo, na Boulting ametuhakikishia kwamba hatutausahau uongo huo.

Lawama yangu ni nyingine. Kamera inamwacha Rose na kwenda kwenye msalaba ukutani, kana kwamba mwongozaji ameogopa kutuachia uamuzi. Ningetaka ibaki kwenye uso wa Carol Marsh, kwa sababu uso ule ulikuwa umekwisha kubeba imani yote iliyohitajika. Rowan Joffé alipoitengeneza upya hadithi hii mwaka 2010, aliihamishia mwaka 1964 na kumpa Sam Riley nafasi ya Pinkie, lakini santuri inayokwama hakuigusa.